Elfu Mbili na Sitini na Nne

Alhamisi, tarehe 18 Januari. Manyunyu yalianza kabla ya alfajiri na mpaka saa moja asubuhi yalikuwa bado yanadondoka, membamba, ya kumlowesha mtu bila kumshtua. Upepo haukuwapo. Moshi wa kiwanda chetu ulipanda kidogo juu ya bomba la boila, ukachoka, ukalala juu ya paa.

Nilikuwa nimefunga tangu Jumatatu. Sikufunga kwa ajili ya amani. Nilifunga nikimwomba Mungu jambo moja, na nilimtajia jina na cheo ili asije akachanganya watu: kwamba siku hiyo, kwenye mkutano wa wafanyakazi wa saa nne, Mhandisi wetu aanguke mbele ya macho yale yale yaliyomwona mume wangu akianguka.

Kiwanda chetu kinafua nguo za wengine: mashuka ya hospitali, taulo za hoteli, ovaroli za mafundi. Mimi nipo kwenye pasi kubwa ya mvuke, mwaka wa kumi na tisa sasa. Shuka linaingia bichi upande mmoja, linatoka kavu na moto upande wa pili, na mimi na mwenzangu tunalikunja kabla halijapoa. Mwenzangu huyo tunamwita Kasuku, kwa sababu mashine ikinguruma yeye hunguruma zaidi. Mvuke unatoka chumba cha boila, ng'ambo ya ukuta, na mtu aliyeupika mvuke huo kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mume wangu, Baba Pacha. Alikuwa akiijua boila kwa sikio. Tukiwa mezani nyumbani, Jumapili, akisikia sufuria ya jirani inachemka, husema, "Moto umezidi huo," na baada ya dakika mbili jirani anapiga kelele kwamba mboga imeungua.

Mwaka juzi mwishoni, Mhandisi aliondoa mita ya joto ya zamani iliyokuwa imeanza kukwama, akafunga nyingine aliyoitoa kwenye kiwanda kilichofungwa. Mita hiyo hupima joto lote linalotoka kwenye boila kwenda kwenye mashine. Boila ilikunywa lita mia tatu za dizeli kwa siku. Kila lita, alieleza Mhandisi, ina kilowati-saa kumi za nishati, kwa hiyo lita mia tatu zina elfu tatu. Sehemu moja ya tano hupotelea kwenye bomba la moshi. Zinabaki elfu mbili na mia nne, na mita ya zamani ilikuwa ikionyesha kiasi hicho. Mita mpya ikaonyesha wastani wa elfu mbili na sitini na nne. Zilipungua mia tatu thelathini na sita. Mhandisi akazigeuza kuwa mafuta, akazigawa kwa nane, maana katika kumi za kila lita ni nane tu zinazofika kwenye mashine, akapata lita arobaini na mbili. Madumu mawili ya lita ishirini, na chenga juu yake, kila siku ya Mungu.

"Mita ya zamani ilikuwa kipofu," aliwaambia watu. "Hii ina macho."

Tarehe 2 Februari, saa nane mchana, zamu zikibadilishana, alimsimamisha Baba Pacha langoni, akampa madumu mawili matupu ayashike, moja kila mkono, kisha akasoma barua ya kumfukuza kwa sauti. Wanaoingia walipita kushoto kwake, wanaotoka tukapita kulia. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya wanaotoka, na mkoba wangu begani. Alinitazama mara moja tu, akaangalia viatu vyake.

Kuanzia siku hiyo mtaani kwetu aliitwa Madumu Mawili. Hawakulisema kwa ukali, walilisema kama jina la kawaida, na hapo ndipo palipouma. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua sala kwenye kikundi chetu, akaacha kwenda. Akaanza kula peke yake chumba cha nyuma. Hakuwahi kuniambia kwamba hakuiba, na mimi sikuwahi kumuuliza. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba anadhani simuulizi kwa sababu nimeamini. Siku nilipoelewa hivyo nilijifungia bafuni nikafungua bomba ili nisisikike, kisha nikamlaani Mhandisi kwa sauti.

Watu wa kikundi cha sala waliniambia nimwachie Mungu. Niliwajibu kwamba nimemwachia, ila namkumbusha.

Barua ile niliihifadhi ndani ya kitabu changu cha sala. Nilikuwa naisoma kabla ya kulala, na namba zake nilizijua kama umri wa wanangu.

Shule ya jioni nilikuwa nimeianza kabla ya mambo haya. Niliacha masomo darasa la tano. Nilirudi nikiwa na miaka arobaini na tisa, kwa sababu nilitaka kusoma maandiko bila kufuata kwa kidole. Baada ya kusoma nikatamani hesabu, na baada ya hesabu nikajikuta kwenye fizikia, pamoja na askari mlinzi wa duka, kinyozi mmoja, na dada mshonaji mwenye aibu. Mwalimu wetu ni msichana wa rika la pacha wangu. Ananiita mama, namwita mwalimu, na nikikosea haniachii.

Mwezi wa kumi na moja tulianza nishati. Mwalimu aliandika ubaoni jouli, kalori, kilowati-saa, akatuambia kila mtu alete siku ya pili namba moja ya nishati kutoka kwake, nyumbani au kazini, aigeuze kutoka kipimo kimoja kwenda kingine.

Askari alileta karatasi ya biskuti. Kinyozi alileta chaja ya mashine yake ya kunyolea.

"Biskuti hii moja," Askari alisema, "ina kalori za kunikesha lindoni mpaka asubuhi?"

"Kilokalori," Mwalimu alisema. "Hamsini. Zinakutosha robo saa ya kutembea."

"Basi ndiyo maana nalala."

"Na wewe, mama?"

Mimi nilileta namba ya Mhandisi. Sikuwa na hila yoyote. Ndiyo namba pekee ya nishati niliyokuwa nayo maishani. Nilichukua ile elfu mbili na mia nne, joto lililotakiwa kuwapo, nikaamua kuigeuza kuwa kalori. Mwalimu alinisimamia. Kilowati-saa moja ni wati elfu moja kwa sekunde elfu tatu na mia sita, kwa hiyo ni jouli milioni tatu na laki sita. Kilokalori moja ni jouli elfu nne, mia moja themanini na sita. Nikagawanya. Nilipata mia nane na sitini: kilowati-saa moja ni kilokalori mia nane na sitini. Nikazidisha kwa elfu mbili na mia nne.

Jibu lilikuwa kilokalori milioni mbili na elfu sitini na nne.

"Vizuri," alisema Mwalimu. "Namba imekuwa ndefu. Kilokalori elfu moja tunaziita megakalori moja. Andika kwa megakalori."

Niliandika 2,064. Kisha nikaitazama. Nilitoa kitabu cha sala kwenye mkoba, nikatoa barua, nikaiweka juu ya daftari, namba kando ya namba.

"Mwalimu, hii imepungua?"

Alizisoma zote mbili, akaisoma barua mpaka mwisho, akavuta kiti akakaa.

"Mama, wewe unakunja mashuka. Shuka moja ukilipima kwa yadi utapata zaidi ya mbili. Ukilipima kwa mita utapata mbili. Kitambaa kimekatwa?"

"Hapana."

"Basi na hapa hakuna kilichokatwa. Mita mpya ilikuwa inahesabu kwa megakalori, na yeye akaisoma kama kilowati-saa. Lakini subiri. Hii ni dhana mpaka tuone mita yenyewe imeandikwa nini. Usimseme mtu kwa namba uliyoibuni darasani."

"Yeye alimsema mume wangu kwa namba ya aina gani?"

"Ndiyo maana wewe usifanye hivyo," alisema.

Askari alikuwa ameacha biskuti yake. "Mama, ukitaka mtu wa kusimama nyuma yako tu, bila kusema kitu, mimi kazi yangu ndiyo hiyo."

Kesho yake, saa ya chakula, niliingia chumba cha boila. Aliyechukua nafasi ya mume wangu tunamwita Kofia, maana hatujawahi kuona nywele zake. Ni mtu mwema, mwoga, na ananiita shemeji.

"Shemeji, ukikutwa humu, kwa mvuke wa kesho tutapikwa sisi."

"Nataka kuiona mita. Nasoma fizikia."

"Kwa umri huo?"

"Kwa umri huu. Nimulikie."

Mita ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu na watu wa kiwanda cha zamani, bomba na kila kitu, kwa brashi ya mtu mwenye haraka. Kwenye kioo chake namba zilionekana wazi. Chini ya namba rangi ilikuwa imekwanguliwa kwa ncha ya kitu chenye makali, sehemu ndogo kama ukucha, na hapo palikuwa na herufi nne: Mcal, yaani megakalori.

"Nani alikwangua hapa?"

"Nilikuta hivyo asubuhi moja, wiki chache baada ya kuanza kazi. Nadhani Mhandisi."

"Na wewe ukisoma namba unafanya nini?"

"Naandika kitabuni, halafu nazidisha kwa moja nukta moja sita tatu. Ndivyo nilivyoambiwa. Niliambiwa zidisha, nazidisha."

Alinipa kitabu cha boila, kile kikubwa chenye jalada la bluu. Nilifungua nyuma mpaka Februari. Tarehe 2, mwandiko wa mume wangu unaishia, namba zake zimesimama wima kama askari. Kuanzia tarehe 3 ni Kofia, na mita inaendelea vile vile: elfu mbili na hamsini, elfu mbili na sabini, elfu mbili na sitini. Mwizi ameondoka, na madumu mawili yanaendelea kupotea. Mpaka tarehe 23. Hapo, juu ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu na mwandiko ninaoujua kwenye kila tangazo la kiwanda, pameandikwa "zidisha 1.163", na sahihi, na tarehe. Kuanzia mstari huo joto letu likawa elfu mbili na mia nne kila siku.

Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mpaka dakika ile nilikuwa namchukia mtu aliyekosea. Sasa nilijua kwamba wiki tatu baada ya kumsimamisha mume wangu langoni, Mhandisi aliona upungufu haujaisha, akaenda na bisibisi akakwangua rangi, akasoma herufi nne alizopaswa kuzisoma siku alipofunga mita, akajua kila kitu. Akachukua kalamu nyekundu akasahihisha hesabu. Jina la mtu hakulisahihisha.

"Shemeji," Kofia alisema, "uso wako sijaupenda."

"Utaupenda siku ya mkutano wa Januari, zamu zote mbili zikiwapo. Siku hiyo kitabu hiki kisitoke mikononi mwako."

Nilisubiri wiki saba. Ningeweza kwenda ofisini siku ile ile. Nilijua kwamba jambo likiingia ofisini linatoka likiwa barua, na barua inasomwa na watu wawili. Mume wangu alisomewa mbele ya zamu mbili. Nilimwambia Mungu kila asubuhi kwamba kama kusubiri ni dhambi, basi aniandikie, ila siku ifike. Nyumbani sikusema neno. Nilimpelekea Baba Pacha chakula chumba cha nyuma, nikakaa mlangoni nikimtazama mgongo wake, nikajiambia: kidogo tu.

Basi ikafika Alhamisi hiyo ya manyunyu. Tulikusanyika chini ya paa la kupakilia, zamu zote mbili, watu kama tisini, harufu ya sabuni na makoti mabichi. Mbele kulikuwa na ubao ambao kila wiki huandikwa idadi ya mashuka, na benchi refu la kupangia marobota. Mwenye kiwanda alikuja mwenyewe. Ni mama mzee, mjane, tunamwita Bibi. Anatembea polepole na anasikia haraka. Alikuja kumtangaza Mhandisi kuwa meneja.

Mhandisi aliongea kwanza. Shati jeupe, kalamu tatu mfukoni.

"Ndugu zangu, mwaka jana tulikuwa na panya wa mafuta humu ndani. Tulimtoa. Leo boila yetu inatoa elfu mbili na mia nne kila siku, sawasawa na vitabuni."

Kasuku aliniinamia. "Panya gani huyo anayekunywa dizeli, na masharubu hayajaungua?"

"Nyamaza, nasali."

"Unamwombea?"

"Namwombea."

Watu walipiga makofi kidogo. Bibi akauliza kama kuna mwenye swali. Nilinyoosha mkono.

"Sema, mama," alisema Mhandisi. Alinitambua, na niliona ameamua kuwa mpole mbele ya watu.

"Mhandisi, mimi nasoma shule ya jioni. Tumefundishwa vipimo vya nishati na vimenishinda. Nimeona kwa kuwa una ubao na chaki, unionyeshe jinsi unavyoipata hiyo elfu mbili na mia nne."

Watu walicheka. "Atazeeka kabla ya mtihani," alisema mmoja wa wapakiaji.

"Ameshazeeka," mwingine akajibu. "Anasubiri mtihani tu."

Mhandisi naye alicheka, akachukua chaki. Anapenda kufundisha, na kusema kweli anafundisha vizuri. "Kofia, mita ilisomaje jana?"

"Elfu mbili na sabini," Kofia alijibu kutoka nyuma, kitabu cha bluu kifuani.

Mhandisi akaandika 2,070, akazidisha kwa 1.163, akapata 2,407. Akaipigia mstari.

"Ndiyo hiyo."

"Na kwa nini unazidisha?"

"Kwa sababu mita yetu, mama, inasoma megakalori, na sisi vitabu vyetu vinahesabu kwa kilowati-saa. Joto ni lile lile. Ni kama kusema umbali kwa maili au kwa kilomita."

"Hivyo hakuna kinachopotea katikati?"

"Hata kidogo."

"Ahsante. Nimeanza kuelewa. Sasa nifanyie na hii moja tu, nijue nimeshika." Nikatoa barua kwenye kitabu cha sala. "Mita ikisoma elfu mbili na sitini na nne, joto la kweli ni kilowati-saa ngapi?"

Aliandika 2,064. Akaandika alama ya kuzidisha. Mkono ukasimama hapo.

Manyunyu yalisikika kwenye bati.

"Hiyo inategemea," alisema.

"Inategemea nini?"

"Mazingira ya kipimo. Tuonane baadaye, mama, tusiwachoshe watu."

"Mimi sijachoka," alisema Bibi. "Andika, Mhandisi."

Hakuandika. Nilipita katikati ya watu, nikachukua chaki kwenye vidole vyake. Aliiachia kama mtoto. Nilipiga hesabu yote ubaoni, tarakimu kwa tarakimu, nikabeba moja hapa, nikabeba mbili pale, taratibu, kama Mwalimu alivyonizoesha. Jibu likatoka elfu mbili na mia nne, na nukta kidogo. Kisha nikageuka, nikasoma barua ya mume wangu kwa sauti, ile ile iliyosomwa langoni, mpaka mahali paliposema kwamba mita imeonyesha elfu mbili na sitini na nne badala ya elfu mbili na mia nne, na kwa hiyo mfanyakazi huyu ameiba.

Hakuna aliyecheka sasa.

"Ni kosa la kusoma," Mhandisi alisema. "Kosa la kibinadamu. Nasikitika sana."

"Ulilijua lini?"

"Ndiyo nalijua sasa, mama, wewe umenionyesha."

Nilikuwa nimeomba aseme hivyo. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeyaomba maneno hayo hayo.

"Kofia," nikasema, "mpe Bibi kitabu. Februari, tarehe 23, kalamu nyekundu."

Bibi alivaa miwani. Alisoma kwa muda mrefu. Kisha akamgeuzia Mhandisi ukurasa.

Mhandisi aliutazama. Mabega yake yalishuka, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine. "Barua ilikuwa imeshatoka. Watu walikuwa wameshaona. Ningesema nini? Ningesimama hapa niseme mhandisi wenu hakusoma herufi nne?"

"Ndiyo," alisema Bibi.

Nitasema ukweli kwa kuwa Mungu anaujua: nilifurahi. Furaha ile ilikuwa tamu mdomoni kama sukari ya kufungulia, na nilijua haikutoka kwenye sala. Nilimtazama akitafuta pa kuweka mikono yake. Nilitamani muda usimame pale pale.

Bibi alimtuma dereva wake akamlete Baba Pacha. Tulisubiri zaidi ya nusu saa, na hakuna aliyerudi kwenye mashine. Gari liliporudi, alishuka akiwa na kandambili na shati la nyumbani. Watu wakampisha njia. Alikuwa anatembea akiwa amejiinamia kidogo, akingoja kusomewa barua nyingine.

Nilimwonyesha ubao. Alisoma mistari yangu yote, moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Alipofika chini akauliza, "Nani kaandika hii?"

"Mimi."

Alinitazama. Mwaka mzima hakuwa amenitazama vile. "Kwa hiyo hukuamini," alisema polepole.

"Hata siku moja."

Alifuta uso kwa kiganja, akamgeukia Mhandisi. "Na wewe ulijua kuanzia lini?"

"Wiki ya tatu."

"Wiki ya tatu," mume wangu alirudia. "Wiki ya tatu nilikuwa bado naamka saa kumi alfajiri kuja kuwasha boila. Navaa, nafika mlangoni, ndipo nakumbuka. Narudi navua viatu taratibu ili mama asiamke."

Nilikuwa macho siku zote hizo. Sikuwahi kumwambia.

Mhandisi alisema samahani. Akaisema mara ya pili kwa sauti, Bibi alipomwamuru watu wa nyuma wasikie, na akasema kwa maneno kamili kwamba hakuna hata lita moja iliyoibwa, na kwamba alijua.

"Baba Pacha," alisema Bibi, "kuanzia leo wewe ni msimamizi wa boila, na huyu atapitisha kila jambo la boila kwako. Umeneja hapati. Lakini naweza pia kumfukuza sasa hivi, atoke kwa lango lile lile. Sema neno moja."

Mume wangu alitikisa kichwa. "Muulize mama. Yeye ndiye aliyepiga hesabu."

Macho ya watu tisini yakanigeukia. "Atoke," Kasuku alininong'oneza. "Atoke na kalamu zake." Mama mmoja wa kikundi chetu cha sala, anayefanya kazi kwenye taulo, alisema kutoka kando, "Mama Pacha, wewe ni mtu wa Mungu. Msamehe yaishe."

Nilifumba macho. Sikusikia sauti yoyote kutoka juu, nilisikia bati tu. Nikafikiri kama mwanafunzi. Mhandisi akifukuzwa, ana vyeti. Kabla ya mwezi kwisha atakuwa kwenye kiwanda kingine, mtaa mwingine, ambako hakuna aliyesimama chini ya paa hili. Ataingia na shati jeupe na kalamu tatu, na watainuka kumpa kiti. Mume wangu hakupata mtaa wa namna hiyo. Alibaki pale pale, mwaka mzima, kwa watu wanaomjua.

"Asifukuzwe," nikasema.

Mama wa taulo alisema amina. Mhandisi alinijia mikono ikiwa mbele, macho yamelowa. "Mama, Mungu akubariki, sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru bado." Nikamgeukia Bibi. "Naomba ruhusa, kila siku nikimaliza zamu, niletewe kitabu cha boila na kila karatasi ya hesabu iliyotoka mkononi mwake."

"Umepata," alisema Bibi.

Nilipanda juu ya benchi la marobota. Mume wangu alinishika kiwiko nisiteleze. Niliinua kitabu cha sala kwa mkono wa kulia ili hata wa nyuma kabisa waone.

"Naahidi mbele ya Mungu, mbele ya Bibi, mbele ya mume wangu na mbele yenu wote. Mhandisi, sijakusamehe. Nitaendelea kuomba niweze, na siku nikiweza nitakuja kukuambia, usinihimize. Lakini kuanzia kesho, kila namba utakayoandika kwenye kiwanda hiki nitaipiga upya kwa mkono wangu, kwa kilowati-saa, kwa kalori na kwa jouli. Ikiwa sahihi, nitanyamaza. Ikikosea hata kwa moja, nitapanda hapa nilipopanda leo, nitangoja zamu zote mbili zikusanyike, na nitaisoma kwa sauti, nikianza na jina lako. Nitafanya hivyo mpaka siku utakayostaafu, na sitachoka."